Kabla hujajilaumu, uliza: kwa wanaotafuta kazi Arusha

Mdogo wangu uliyemaliza chuo na sasa unazunguka mjini na bahasha ya kaki, nakuandikia kwa sababu siku hizi bahasha hizo napokea mimi. Ofisi yetu inaandaa safari za wageni, na hakuna wiki inayopita mlinzi hajaniletea barua za maombi kutoka getini. Kabla ya hapo nilizipeleka mwenyewe, karibu miaka miwili.

Nilianza Januari 2020. Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, tena hapa hapa Arusha, na Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Unajua mji huu unavyoishi kwa wageni. Madereva walirudi majumbani, magari ya safari yakalala gereji. Nilikataliwa kila nilipobisha hodi, lakini sikuumia sana, maana nikirudi nyumbani Usa River kila mtu alinipoza: "Ni corona hiyo, mwanangu." Mwaka 2021 wageni wakaanza kurejea. Nikapeleka barua zilezile, nikapata kimya kilekile, na safari hii kilinivunja kabisa. Chakula kilinishinda. Nilijiona nimekula ada ya mama bure.

Nilichelewa sana kuona kwamba kimya kilikuwa kilekile, ila sababu niliyojipa ndiyo iliyobadilika. Mwaka wa kwanza nililaumu ugonjwa, wa pili nikajilaumu mwenyewe, na mara zote mbili sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Anza na msimu. Masika, Machi hadi Mei, wageni hupungua na baadhi ya kambi za porini hufungwa kwa sababu ya mvua na barabara. Wakati huo mwenye ofisi anawaza mishahara ya watu alionao. Wageni hujaa Juni hadi Oktoba, nyumbu wakihamia kaskazini mwa Serengeti, kisha tena kuanzia mwishoni mwa Desemba mpaka Februari. Anayehitaji mtu wa ofisini humtafuta kabla pilika hazijaanza, apate muda wa kumfundisha. Mimi nilipeleka barua kumi na moja ndani ya Aprili moja, viatu vimejaa tope la Njiro, halafu nikazihesabu zote kumi na moja kuwa ushahidi kwamba sifai. Nikikumbuka nakosa raha hadi leo.

Serikalini ni njia nyingine: unaomba kwenye Ajira Portal, unasubiri kuitwa kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita ndipo unaonana na watu. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na unaweza kufanya vizuri ukakosa. Omba, halafu endelea na mengine. Na yeyote atakayekudai hela ili akupatie usaili, achana naye.

Lakini usiweke kila kitu kwenye msimu. Mengine yamo ndani ya bahasha yako. Nilinunua daftari, nikawa naandika tarehe, ofisi, aliyepokea barua, na swali lililonishinda. Nikitoka kwenye usaili nilikaa kwanza kwenye kibanda cha chai, naandika kabla sijapanda kifodi, kwa sababu ukifika nyumbani unakumbuka aibu tu, maswali yameshapotea. Usaili wa nne ulipopita nikaona swali moja limerudi mara tatu: mgeni ana siku nne, utampangia nini? Nilikuwa nataja Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti zote kwa mkupuo, sikuhesabu saa za barabarani. Kuna mzee jirani yetu aliyeendesha magari ya safari miaka mingi. Nikamwendea, nikamwamkia, nikakaa naye jioni mbili. Alinichorea njia kwenye karatasi: wapi utalala, saa ngapi utoke getini, wapi mgeni atachoka. Asubuhi iliyofuata niliamka nina kitu cha kufanya, na kwangu matumaini yalirudi kwa njia hiyo.

Ukikataliwa, uliza. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mama. Nashukuru kwa nafasi ya usaili. Naomba unisaidie kujua nijirekebishe wapi." Nilituma tisa, wakajibu wawili. Mmoja, mama wa rasilimali watu, alinipigia kabisa. Akaniambia barua yangu ilikuwa na jina la ofisi nyingine. Niliumia, ila tangu siku ile sikutoka steshenari kabla ya kusoma kila nakala kwa sauti ndogo. Nami sasa nikipata ujumbe wa namna hiyo naujibu, na jina la aliyeutuma nalikumbuka.

Kilichonichosha kuliko barua zote ni swali la mama kila jioni: "Wamesemaje?" Aliuliza kwa upendo, lakini kumjibu "bado" kila siku kulinimaliza. Tukakubaliana kwamba habari za kazi tutaongea Ijumaa tu. Siku nyingine tunaongea ya nyumbani. Jaribu kupatana hivyo na watu wako, kwa heshima. Wanakuelewa kuliko unavyodhani. Jumatano na Jumamosi nilikwenda naye soko la Tengeru kuuza ndizi, na siku hizo sikupeleka barua yoyote. Kichwa kilipumua, na nauli ya wiki ilipatikana humo humo.

Simu ilinikuta sokoni, Jumatano. Alikuwa yule mama aliyenipigia kuhusu jina kwenye barua. Waliyemchukua badala yangu alikuwa ameacha kazi, naye alikumbuka kwamba nilimshukuru. Akauliza kama naweza kufika kesho saa mbili asubuhi. Nilipokata simu, mama alikuwa ameacha kupanga ndizi, ananitazama, hasemi kitu, kwa sababu Ijumaa ilikuwa haijafika. Nikamwambia palepale.