Kodi ya Marekani: Mlango wa Bure Hauko Kwenye Tangazo

Mwaka wangu wa pili kujijazia ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, hapa Marekani nilikaa saa mbili na ushee na programu iliyojinadi kuwa ya bure. Kila ukurasa, bure. Nikaingiza W-2, fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri, nikaingiza riba ya benki, kikabaki kibarua changu cha wikendi cha kubeba abiria, ambacho kiliniletea fomu ya 1099, ile ya kipato kisicho cha mshahara. Hapo ndipo skrini iliponiambia, kwa adabu zote, kwamba mwenye fomu hiyo hana budi kununua toleo la juu. Ritani ya jimbo nayo ina bei yake. Hesabu ikapita dola 150, na nikakaribishwa niikate kwenye pesa nitakayorudishiwa, huduma ambayo nayo ina ada! Nikalipa. Ukishajaza kurasa thelathini usiku huna moyo wa kuanza upya, na waliotengeneza programu ile wanalijua hilo.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kampuni moja inaweza kuwa na milango miwili. Mmoja ni wa tangazo, ambapo "bure" ni ya mwenye W-2 tu na maisha yasiyo na kona. Wa pili unapitia kwa mamlaka ya kodi yenyewe, IRS, kwenye mpango unaoitwa Free File, ulioanza 2003. Katika msimu wa 2025 ulikuwa wazi kwa aliyepata hadi dola 84,000 kwa mwaka baada ya makato yanayoruhusiwa. Kiwango hicho hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia cha mwaka wako. Nilipopitia huko, 1099 ileile haikuniongezea hata senti.

Andika irs.gov kwa mkono wako, tafuta Free File, kisha bonyeza kampuni ukiwa humo humo. Usiende kutafuta jina la kampuni pembeni, maana utaangukia mlango wa tangazo. Mwaka 2019 waandishi wa ProPublica walifichua kuwa baadhi ya kampuni zilikuwa zimeficha kurasa zao za bure zisionekane kwenye injini za utafutaji; mwishoni mwa mwaka huo IRS ikapiga marufuku mchezo huo. Mimi bado siamini mtu.

Kabla ya kuandika hata jina lako, soma masharti ya kampuni uliyoichagua. Kila moja ina yake: umri, kipato, jimbo unaloishi. Hasa tazama kama ritani ya jimbo imo bure au la, kwa sababu hapo ndipo pesa huchomokea. Majimbo mengi yana tovuti zao za bure; California, kwa mfano, ina CalFile. Ukiwa Texas au Florida, hilo halikuhusu, mshahara hautozwi kodi ya jimbo.

Aliyevuka kiwango ana Free File Fillable Forms. Ni fomu ya karatasi iliyowekwa kwenye kompyuta: inajumlisha kidogo, haikuulizi swali, haikukumbushi kitu, na ritani ya jimbo haimo. Kama 1040, fomu kuu ya ritani, inakutisha, iache.

Kilichonitoa jasho kuliko vyote ni kutia saini. Ukituma kwa intaneti, IRS inakutambua kwa kipato chako cha mwaka uliotangulia baada ya makato, kile cha mstari wa 11 wa fomu 1040. Ritani yangu ilirudishwa mara mbili. Nilikuwa nanakili jumla ya kipato, mistari miwili juu yake, nikidhani ni kitu kimoja. Si kimoja: mwenye kibarua cha kujiajiri anakatiwa kwenye kipato chake kiasi cha nusu ya kodi yake ya kujiajiri, kwa hiyo namba hizo mbili zinapishana. Kama karatasi zako za zamani zimepotea, fungua akaunti kwenye irs.gov uione namba hiyo. Kama hujawahi kuwasilisha, andika 0.

Wanafunzi, nanyi nisikilizeni. Mwenye viza ya F-1, kwa kawaida miaka yake mitano ya kwanza ya kalenda anahesabiwa si mkazi kwa upande wa kodi, na fomu yake ni 1040-NR. Programu nyingi za kawaida zitakujazia 1040 bila kusita, pamoja na punguzo usilostahili. Ulizia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujagusa chochote.

Na kama unataka binadamu, kuna VITA: watu wa kujitolea waliothibitishwa na IRS, wanaowajazia bure wenye kipato cha wastani na wasiomudu Kiingereza vizuri. Wazee wa miaka 60 na zaidi wana mpango wao wa namna hiyo, TCE. Afadhali huko kuliko yule kaka wa mtaani anayechukua pesa taslimu na hataki kusaini. Anayelipwa kukuandalia ritani anatakiwa aisaini na aweke PTIN, namba yake ya utambulisho kutoka IRS.

Usipowahi Aprili 15, omba muda kwa fomu 4868, nayo ni bure humo humo, inakufikisha Oktoba 15. Lakini muda huo ni wa kuwasilisha; deni lenyewe linadaiwa Aprili. Mimi siku hizi natuma Februari. Mwaka jana ilikubaliwa usiku uleule, na pesa ikaingia benki siku ya 16.