Maswali yenu: Detekta kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, inashika kweli?

Tangu dhahabu ipite dola 3,000 kwa aunsi mwaka 2025, barua nyingi mnazotuma ni za detekta tu, hizi mashine za kutafuta metali ardhini, mtu yuko Nairobi lakini roho iko kwa shamba la babu kule Kakamega ama Migori. Leo nimeziweka pamoja nizijibu kwa mpigo.

Habari Mwalimu. Naishi Kayole lakini nyumbani ni Ikolomani. Karibu na boma la babu kuna mashimo ya wazungu wa kitambo na vilima vya mawe walivyoacha, saa hii vimemea nyasi. Kuna jamaa mtandaoni anauza detekta elfu 48 na sacco wamekubali kunikopesha. Nikiinunua itashika dhahabu? (Kijana, Kayole)

Kijana wangu, hiyo pesa usiitume bado. Elewa kwanza hii mashine inasikia nini. Ile koili ya chini inatuma nguvu ya sumaku ardhini, ikigusa kipande cha metali inaamsha umeme mdogo wa kuzunguka ndani yake, na huo umeme unarudisha sumaku kidogo juu, hapo ndio unasikia mlio. Sasa kipande kikiwa kidogo sana hakirudishi chochote cha kusikika. Dhahabu ya unga, hata kama gunia la mchanga liko na gramu kadhaa ndani, detekta itapita juu yake kimya kabisa, na dhahabu nyingi ya kwetu magharibi ni hiyo hiyo ya unga iliyojificha ndani ya mawe meupe ya kwatzi, ndio maana watu wanasaga na kuosha. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kama mashine ni nzuri, uliza dhahabu ya kwenu iko na ukubwa gani.

Na jibu la hilo unalipata na karai. Enda kwa vile vilima, okota mawe meupe yenye kutu na vitundu vitundu, hasa yale yenye michirizi ya kahawia, yatwange mpaka yawe unga, chekecha, halafu uoshe polepole kwa karai hadi ubaki ule mchanga mweusi mzito pembeni. Tazama vizuri kwenye jua. Kama ni mstari wa vumbi la njano tu basi detekta si kazi yako, tafuta watu wa kusaga. Ukiona punje ambazo unaweza kuzitenganisha na ukucha, hata tatu nne, hapo tuongee. Rudia na mawe ya vilima tofauti, usiamue na karai moja.

Pia ujue vilima haviko sawa. Mbio za dhahabu Kakamega zilianza 1931, na wale wa mwanzo walikuwa wanaosha kokoto za mito kwa karai na masanduku ya mbao, wanachekecha, mawe makubwa wanatupa pembeni bila hata kuyaangalia. Kipande kilichokwama ndani ya jiwe, ama kilichofungwa ndani ya donge la udongo, kilitupwa pamoja nayo. Hivyo ndio vilima vya detekta. Lakini kampuni kama Rosterman, iliyochimba chini sana na kusaga mwamba kwa mitambo mpaka 1952, iliacha mabaki laini kama simiti, hapo hutapata mlio wa maana, na mabaki ya mitambo ya kusaga yanaweza kuwa na zebaki ama sumu zingine kwa hivyo watoto wasichezee hapo.

Ukishakuwa na mashine usianze na shimo, anza na kilima. Kwangua na reki tabaka la juu kama sentimita 10, pitisha koili, sambaza kando, kwangua tena, mpaka ufike kwenye ardhi ya asili chini yake na hapo pia upitishe, watu wengi wanaiacha hiyo sehemu ya mwisho na ni makosa. Ndani ya shimo usiingie kabisa. Hewa ya chini huko inaweza kukosa oksijeni na hutasikia harufu yoyote, na kuta zilizolowa mvua zinaporomoka, tuliona Abimbo kule Siaya Desemba 2021 vile wachimbaji walifunikwa.

Kuhusu hiyo ya elfu 48, muulize muuzaji swali moja tu: inafanya kazi kwa kilohezi ngapi, yaani mawimbi yake yanatetemeka mara elfu ngapi kwa sekunde? Za kutafuta sarafu huwa chini, kama 7 hivi. Za dhahabu ndogo ziko juu, Gold Monster 1000 ya Minelab ni 45, Gold Bug 2 ya Fisher ni 71. Akikosa kujua, ondoka. Akikuambia ni Minelab kubwa kwa hiyo bei, ni feki, hizo za kampuni ya Australia huuzwa maelfu ya dola na zimeigwa sana huku Afrika, mwambie akupe namba ya mashine uihakikishe na kampuni yenyewe kabla hujatoa hata shilingi.

Na neno moja la kando. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria yake yenyewe ya ardhi, ile ya 1930 iliyokuwa imeahidi ardhi badala ya ardhi, ili iweze kuchukua mashamba yenye dhahabu bila kuwapa wenyewe ardhi nyingine. Wazee wetu walilipia hiyo dhahabu. Kwa hivyo kijana wa pale akitafuta kilichobaki, kwa haki na kwa sheria, mimi naona ni jambo jema na nataka afaulu, ndio sababu nasema anza na karai.

Mwalimu salaam. Sisi ni chama cha akina mama Umoja. Kuna bwana ametuonyesha mashine yenye antena mbili, anasema inaona dhahabu kilomita moja mbali na mita 30 chini. Anataka tuweke pesa pamoja tuinunue. Tufanyeje? (Mama wa chama, Umoja)

Mama, msinunue. Mashine ya hivyo haipo. Nimeeleza hapo juu kwamba koili inatuma sumaku na inangoja irudi, sasa hiyo nguvu inakufa haraka sana, ukiongeza umbali mara mbili mlio wa kipande kidogo unapungua karibu mara 64. Ndio maana hata mashine nzuri kwa punje ya gramu moja utategemea sentimita 10 mpaka 20 hivi, na mashine kubwa na kipande kikubwa labda nusu mita ama zaidi kidogo. Kilomita moja ni uongo mtupu. Hizo antena zinazungukazunguka kwa sababu mkono wa binadamu hautulii.

Kama kuna mwanachama bado ana imani naye, mwiteni na mfanye hivi. Tafuteni ndoo ndogo 10 za plastiki zenye vifuniko, zote sawa. Mama mmoja abaki peke yake chumbani, aweke pete ya dhahabu ndani ya moja, kisha atoke aende kabisa, asikae pale uso wake ukasomwa. Mwenye mashine aingie na mama mwingine asiyejua pete iko wapi, achague ndoo. Rudieni mara kumi. Mtu anayebahatisha atapata karibu moja. Akikataa jaribio, ama aseme pete ni ndogo sana, ama dhahabu lazima iwe imekaa ardhini miaka mingi ndio ionekane, mmeshapata jibu. Pesa ya chama ni ya ada na ya matibabu, msiiachie mtu wa antena.

Bro, mimi niko na detekta orijino ya kukopa kwa rafiki, nilienda nayo Lolgorien kule Narok kwa mashimo ya zamani lakini inalia tu kila mahali, kila jiwe jekundu, mpaka nikachoka nikarudi Nairobi. Imeharibika? (Msomaji, Kawangware)

Haijaharibika ndugu yangu, inasikia udongo. Udongo mwekundu uko na madini ya chuma mengi na hayo yenyewe yanajibu sumaku. Kabla ya kuanza lazima uisawazishe mashine na ardhi: tafuta mahali pasipo na metali, shikilia kile kitufe cha kusawazisha huku unainua koili na kuishusha, kutoka karibu kugusa ardhi mpaka usawa wa goti, taratibu, mpaka mlio usibadilike ukiinua au ukishusha. Na ukisonga mita chache rangi ya udongo ikabadilika, rudia. Kuna mashine zinajisawazisha zenyewe lakini hata hizo zinataka utembee polepole.

Halafu punguza nguvu. Wengi wanaweka usikivu hadi mwisho wakidhani watapata zaidi, kumbe wanasikia kelele ya ardhi na mlio mdogo wa dhahabu unapotea humo. Kama ukipunguza bado inalia basi mashine yako ni ya aina inayotuma mawimbi bila kukatika, na hiyo inateseka kwenye udongo kama huo. Aina nyingine inapiga kwa mapigo, inatuma inanyamaza inasikiliza, hiyo inavumilia udongo mwekundu vizuri zaidi, ubaya wake ni bei na pia inashindwa kutofautisha msumari na dhahabu kwa hivyo utachimba kila kitu.

Mawe mekundu ama meusi yanayolia yenyewe utayajua hivi: inua koili kama sentimita 10 juu ya ulivyokuwa. Mlio wa jiwe kwa kawaida unafifia haraka ama unasikika umetanuka, wa metali unabaki mkali na mfupi. Ukiwa na shaka chimba. Nasema chimba kwa sababu mashimo ya zamani yamejaa misumari, risasi, vipande vya makopo na vifuniko vya soda, na punje ya dhahabu inaweza kulia sawasawa na kipande cha risasi, hakuna sikio duniani linaloweza kuhakikisha. Weka sumaku ya spika kuukuu kwa mpini wa sururu, mafundi wa barabara ya Luthuli hapa Nairobi wanakuuzia bei rahisi, itavuta misumari yote kabla hujaanza kuitafuta na vidole.

Na ukishatoa udongo wenye mlio usiuchakure ovyo. Chukua kijiko kikubwa cha plastiki, si cha chuma, chota, pitisha juu ya koili. Kimelia? Mwaga nusu mkononi, pitisha kilichobaki. Hakilii, basi kiko mkononi, mwaga cha kwenye kijiko urudishe cha mkono, gawa tena. Baada ya kugawa mara tano sita unabaki na kidole kimoja cha udongo, dondosha polepole juu ya koili mpaka usikie tap. Pete na saa vua kwanza, simu iache kwa begi mbali na wewe, na ukae mbali na nyaya za stima. Vaa hedifoni pia, upepo wa Lolgorien unaficha milio midogo.

Mwalimu, shamba ni la baba na hati iko. Bado nahitaji kibali kweli? Na nikipata nauzia nani hapa Nairobi? (Dada, Rongai)

Dada yangu, unahitaji. Hati ni ya ardhi, madini yaliyo ndani ni mali ya Jamhuri, serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba ya wananchi, ndivyo Sheria ya Madini ya 2016 inavyosema. Lakini sheria hiyo hiyo inamtambua mchimbaji mdogo: ukiwa Mkenya mtu mzima unaomba kibali cha mchimbaji mdogo kwenye ofisi ya madini ya kaunti, kinadumu miaka isiyozidi 3. Kwenye shamba la mtu binafsi ridhaa ya mwenye shamba inahitajika, kwa hivyo baba aandike na kutia sahihi, hata kama mnakula meza moja. Kabla ya hayo angalia ramani ya leseni ya wizara mtandaoni, saa zingine eneo lote tayari liko chini ya kampuni na wewe hujui.

Kuuza, muuzie mwenye leseni ya biashara ya madini peke yake, omba kuiona na uombe risiti. Mtu anayekualika nyumba ya kukodi kwenye mtaa wa kifahari, walinzi mlangoni na masanduku mezani, usiende. Na usibebe mzigo peke yako kwa matatu.

Nimepata jiwe jeupe lenye mistari ya njano, detekta inalia vizuri. Nitajuaje ni dhahabu na ni kiasi gani bila kulivunja? (Msomaji, Githurai)

Anza na pini. Choma ile njano: dhahabu inabonyea kama metali laini, ile ya uongo inavunjika na kuacha unga mweusi, na zile ganda zinazong'aa zinabanduka.

Ikibonyea, pima. Loweka jiwe usiku kucha hewa itoke kwenye vitundu. Asubuhi lifute, lipime kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, tuseme limetoa 240. Sasa weka jagi la maji juu ya mizani, irudishe sifuri, funga jiwe kwa uzi na ulizamishe lote bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma namba, tuseme 80. Zidisha hiyo 80 kwa 2.65, kwa sababu kwatzi ni nzito mara 2.65 kuliko maji, unapata 212. Toa kutoka 240, inabaki 28. Zidisha kwa 1.16, unapata kama gramu 32 za dhahabu. Ukikosea gramu moja kwa maji jibu linaruka gramu tatu, kwa hivyo pima mara kadhaa. Na hesabu hii ni ya kwatzi safi, jiwe likiwa na kutu nyingi ama madini mengine mazito litakupa dhahabu ambayo haipo.

Matokeo yakiwa mazuri usilipeleke kwa kinu haraka, piga picha, lionyeshe wanunuzi wenye leseni zaidi ya mmoja, kuna watu hukusanya mawe ya hivyo na wanaweza kulipa zaidi ya bei ya dhahabu iliyo ndani.