Art & Copy: jibu la fundi wa mabango wa Malindi

Mleta uzi, umeuliza kama Art & Copy, filamu ya hali halisi kuhusu watunzi wa matangazo, inafaa kutazamwa, maana umesoma wakosoaji wakiiita tangazo la watu wa matangazo. Nimeitazama mara mbili. Mimi ni fundi wa mabango hapa Malindi, nimechora kuta za maduka tangu Maweni hadi Kisumu Ndogo, kwa hiyo pokea jibu la mtu wa brashi.

Wakosoaji hawakuionea. Ni filamu ya Doug Pray ya 2009, na walioitengenezesha ni The One Club ya New York, chama cha watunzi wa matangazo wenyewe. Ngoma uiwambe wewe, uipige wewe na uicheze wewe, nani atakwambia umekosea hatua? Wakongwe kama George Lois na Mary Wells wanakaa mbele ya kamera wakisimulia ushindi wao. Mnunuzi hana kiti.

Lakini itazame. Dan Wieden, mtunzi wa matangazo, anaeleza kwamba kaulimbiu "Just Do It" ya Nike ilitokana na maneno ya mwisho ya Gary Gilmore, muuaji aliyenyongwa, la, aliyepigwa risasi kwa hukumu ya mahakama kule Utah 1977. Hapo niliisimamisha filamu nikaenda kujimiminia kahawa. Maneno ya mtu wa kufa yamegeuka ya kuuzia viatu! Hakuna mkosoaji aliyeisuta kazi hii kuliko hivyo.

Kisha kuna yule fundi anayepanda kubandika mabango ya barabarani. Kwangu yeye ndiye nyota. Ila filamu inamwonyesha anayebandika, haimwonyeshi anayebandikiwa, na huyo mimi namjua.

Kampuni moja iliwahi kunipa makopo ya rangi na karatasi ya vipimo, nipake maduka ya mtaa mzima rangi yake. Mimi nalipwa kwa futi. Mwenye duka hapewi hata shilingi, faida yake ni ukuta mpya. Kwa mzee mmoja karibu na soko, jina la duka lilikuwa limeandikwa na marehemu mwalimu wangu, herufi nyekundu zenye kivuli juu ya samawati. Nikalipitishia roli. Mzee akarudi kutoka swala ya adhuhuri, akasimama.

"Mwanangu, jina langu umelitia wapi?"

"Hili hapa, baba." Kampuni iliruhusu jina dogo pembeni, chini ya nembo.

Akavaa miwani, akainama. "Hili watasoma siafu."

Sikupata la kujibu. Nilikunja ngazi nikaenda duka la pili, maana futi zilikuwa bado nyingi.

Masika mawili baadaye rangi ikabambuka, na ile nyekundu ya mwalimu ikaanza kuchungulia. Kampuni ikanituma nikapake tena. Nikamwambia msimamizi ukuta ule una chumvi, haushiki rangi. Pwani hapa chumvi haikosi, kwa hiyo uongo haukuwa mzima.