Kabla Lori Halijaondoka Mbeya Kwenda Nakonde

Wafanyabiashara wenzangu wa Mbeya wanaotaka kupeleka mchele Zambia huniuliza kwanza kuhusu ushuru. Swali hilo ni la haki, lakini kwa mazao tunayolima wenyewe ushuru si kikwazo kikubwa tena, kwa kuwa Tanzania na Zambia zote zimo katika eneo huru la biashara la SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), lililoanzishwa mwaka 2008. Kinachokula faida ni siku ambazo lori hulala mpakani Tunduma likisubiri karatasi moja, huku mwenye lori akidai malipo yake na mteja wa ng'ambo akinunua kwa mtu mwingine.

Nafuu hiyo ya ushuru haiji yenyewe. Ni lazima uwe na cheti cha uasili wa bidhaa cha SADC, kinachothibitisha kwamba mchele wako umelimwa na kuvunwa nchini. Nasisitiza SADC kwa sababu nimekutana na watu waliozoea kuuza Kenya kupitia Namanga, ambao hudhani kwamba cheti cha Afrika Mashariki kitawafaa na huku. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo Tanzania ilijitoa COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) mwaka 2000. Kwa hiyo hata utaratibu rahisi wa COMESA ambao wachuuzi wa Zambia na Malawi huutumia baina yao haukuhusu wewe.

Ongeza cheti cha afya ya mimea na kibali cha kusafirisha mazao nje, kisha hakikisha kwamba mnunuzi wako ana kibali cha kuingiza kwa upande wake. Uzito nao ulingane. Ankara ikisema magunia ya kilo mia moja ilhali umepakia lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, maofisa watakuwa na sababu halali ya kukusimamisha, na mzani wa Mpemba unaweza kukubaini hata kabla ya mpaka. Lumbesa humwibia mkulima shambani, nami sioni kwa nini tuibebe hadi nchi ya jirani.

Karatasi zikiwa kamili, mpaka wenyewe husaidia sana. Tangu Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja upande unakoingia, hivyo gari husimama mara moja badala ya mbili. Mtafute wakala wa forodha mapema na umtumie nyaraka kabla ya kupakia, kwani kituo kizuri hakiwezi kumsaidia mtu ambaye nyaraka zake bado ziko Mbeya.

Kikwazo kigumu zaidi ni amri ya ghafla. Wauzaji wa mchele wa Kyela na ndizi za Rungwe wanakumbuka mwaka 2025, Malawi ilipozuia bidhaa hizo, na Tanzania ikajibu mwezi Aprili kwa kuzuia mazao ya Malawi kabla ya kuondoa zuio lake siku chache baadaye. Ndizi haingoji mazungumzo ya mawaziri. Kwa sababu hiyo, mpigie wakala aliyeko mpakani asubuhi ya siku ya kupakia, usichukue mkopo unaotegemea safari moja, na kwa mazao yanayooza haraka uwe na mnunuzi wa Makambako au Dar es Salaam unayeweza kumgeuzia mzigo siku hiyohiyo.