Umejisajili wapi, kwa nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Blogu ninazozipenda nazisoma kwa programu ya RSS, ile inayonikusanyia makala mpya za blogu mbalimbali mahali pamoja. Niseme nimejiunga nazo, nimejisajili, au nimejisabskraibu?

Jibu: Marahaba. Sema unazifuatilia, basi, jibu limeisha. Ila kwa vile umelitaja hilo "jisajili" acha nitoe la moyoni, maana limenikaa kooni muda mrefu.

Sajili ni la Kiarabu, sijili ni daftari. Kwa hiyo mtu akijisajili lazima pawe na daftari na jina lake liwemo. Sasa bonyeza kile kitufe cha rangi ya chungwa kwenye blogu walichokiandika "Jisajili upate makala mpya" uone. Hakuna fomu, hakuna pa kujaza jina, hakuna neno la siri, kinachofunguka ni faili la XML, la kusomwa na programu, limejaa alama tupu, ukikaza macho unaona kichwa cha makala, kiungo, tarehe, kichwa kingine, kiungo, tarehe, hivyohivyo mpaka chini. Hapo umesajiliwa wapi? Na nani? Kazi yote iko upande wako: unanakili anwani ya hilo faili unaiweka kwenye programu yako, na programu ndo inakwenda kuchungulia kila baada ya muda kama kuna kipya, kama hakuna, seva (kompyuta inayohifadhi blogu) inaweza kuijibu 304, yaani hakijabadilika kitu, inarudi mikono mitupu. Mwenye blogu hajapewa jina lako wala barua pepe yako. Siku ukimchoka unafuta anwani kimyakimya, wala hapati taarifa. Google Reader, programu ya Google ya kusomea RSS, ilipofungwa Julai 2013 watu walibeba orodha za anwani zao wakahamia programu nyingine na makala zikaendelea kuingia, hakuna aliyezunguka blogu moja moja kujisajili upya, sasa huo ulikuwa usajili gani jamani!

Barua pepe ni habari nyingine. Unatoa anwani, unatumiwa kiungo cha kuthibitisha, unaingia kwenye orodha ya mtu na ukitaka kutoka mpaka ujiondoe. Hapo jisajili, jiandikishe, sina neno.

Kujiunga waachieni wenye vikundi.

Kuhusu kujisabskraibu, hiyo ji- mmeiokota kwenye jiunga na jisajili mkaibandika tu. Nimesabskraibu inatosha (kama ni lazima), mbona husemi nimejisoma gazeti? Kwenye chati nitafumba macho, kwenye tovuti ya watu makini hapana.

Halafu kuna "mlisho", yaani "feed" ya Kiingereza, lile faili la makala lenyewe. Sikuupenda tangu mwanzo, mimi nikiusikia naona malisho ya ng'ombe, ila umeshaenea na nimechoka kugombana nao, utumieni. Ila atakayeniandikia "nimejisajili kwenye mlisho" simjibu.