Jibu kwa mleta mada: nafasi ya vyama vya makampuni katika sera ya anga za juu ya Ulaya

Ndugu mleta mada, umeuliza kama sera ya anga za juu ya Ulaya hupangwa na wanasiasa au na makampuni. Nimefanya kazi miaka kadhaa hapa Ubelgiji katika kampuni ndogo inayochakata picha za setilaiti, na kwa niaba yake nimeshiriki vikao vya kamati ya chama kimoja cha sekta hii, hivyo nitaeleza niliyoyaona.

Vyama hivyo vya makampuni havina sauti moja. Eurospace, kilichoanzishwa mwaka 1961, kabla hata Shirika la Anga la Ulaya (ESA) halijazaliwa mwaka 1975, kinawakilisha watengenezaji wa setilaiti na roketi, ilhali EARSC, cha mwaka 1989, kinawakilisha wauzaji wa huduma zitokanazo na picha za dunia. Wa kwanza wanataka serikali ziagize vyombo zaidi. Wa pili wanataka serikali hizo hizo ziwe wateja wa huduma zao.

Nguvu yao kubwa, kwa maoni yangu, haimo katika chakula cha jioni na wabunge, bali katika takwimu na maneno yanayofika mapema. Mtumishi wa Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachopendekeza sheria, anayeandaa rasimu ya sheria hana karakana, na akitaka kujua sharti fulani litaongeza gharama kiasi gani, inambidi awaulize wenye karakana. Chukua Sheria ya Anga za Juu iliyopendekezwa na Tume tarehe 25 Juni 2025. Kifungu cha 189 cha mkataba wa uendeshaji wa Umoja wa Ulaya kinakataza kuoanisha sheria za nchi wanachama chini ya sera ya anga, kwa hiyo Tume iliegemea kifungu cha 114, kinachohusu soko la pamoja, ikieleza kwamba kanuni za kitaifa 13 zinazotofautiana zinakwamisha biashara. Hoja ya namna hiyo haisimami bila ushahidi wa makampuni yanayokwama.

Hata hivyo, ndani ya chama wadogo humezwa kwa urahisi. Katika kamati yetu tuliomba waraka wa msimamo useme wazi kwamba kampuni ndogo zisamehewe baadhi ya ukaguzi, lakini kwa kuwa kila neno lilihitaji ridhaa ya wanachama wote, sentensi ilitoka ikisema tu kwamba masharti "yazingatie ukubwa wa kampuni". Jambo hilo liliniuma, kwani ada ya mkaguzi ambayo shirika kubwa halihisi hata kidogo inaweza kumeza mshahara wa mhandisi wetu mmoja.

Kwa upande wa ESA, ambayo si chombo cha Umoja wa Ulaya, ushawishi hupitia mji mkuu wa kila nchi, kwa sababu fedha inazochangia nchi hurudi kwa sehemu kubwa kama mikataba kwa makampuni yake. Ndiyo maana kabla ya mkutano wa mawaziri wa Bremen wa Novemba 2025, ulioahidi takriban euro bilioni 22.1, kila kampuni ilikuwa na sababu ya kubisha hodi kwa waziri wake.

Ukitaka kujiridhisha, soma maoni ya vyama yaliyowekwa hadharani kwenye tovuti ya Tume, kisha uyalinganishe na rasimu, kifungu kwa kifungu.