Vidoti vyeusi kwenye picha za harusi

Mkuu pole, najua hiyo presha, bibi harusi anadai picha zake halafu anga lote la Uyole limejaa vidoti. Ila kabla hujaendelea kusugua lenzi angalia hivi, kama doa linakaa palepale kila picha na ukibana tundu la lenzi (namba f/16 au f/22) ndo linazidi kukolea, hilo mara nyingi ni vumbi la kwenye sensa, yaani kile kibati cha ndani ya kamera kinachonasa picha, lenzi chafu yenyewe inaletaga ukungu tu. Mimi nilisugua lenzi wiki nzima, kumbe niliibadilisha barabarani kiangazi, vumbi la Chunya unalijua.

Picha zikiwa chache tumia app ya Snapseed kwenye simu, ile Healing ya kufuta madoa, vuta picha iwe kubwa kisha gusa doa moja moja. Zikiwa nyingi nenda Lightroom, programu ya kuhariri picha, safisha moja halafu hamishia marekebisho yaleyale (sync) kwenye zingine, lakini zipitie zote kwa macho yako maana mimi iliwahi kunipachikia kipande cha shela kwenye shavu la bwana harusi, bahati nzuri nilikiona kabla ya mteja 😂 Anga ni rahisi, uso na nywele ndo kazi. Na orijino usiziguse, fanyia kwenye kopi.

Kamera sasa: chaji ijae, ingia menyu ya kusafisha sensa, toa lenzi, geuza kamera iangalie chini, pulizia sensa na kile kipira cha hewa. Mdomo hapana, mate yataganda. Doa likigoma mpe fundi wa kamera, usiingize pamba wala kona ya tisheti humo.